Mzee Sikio na Sindano Mbili za Ajuza

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Mwandamizi wa karakana yetu atavua ovaroli yake na kuitundika kwa mara ya mwisho kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni. Atakuwa amelitumikia shirika hili miaka thelathini na saba na miezi minne. Msumari huo aliupigilia mwenyewe wiki yake ya kwanza kazini, na tangu hapo hakuna aliyewahi kutundika kitu chake pale, hata yeye akiwa likizo.

Jina lake kamili limo kwenye jalada lake. Karakanani tunamwita Mzee Sikio, na wengi wenu mnaosoma jarida hili hamjawahi kumjua kwa jina jingine. Mkuu wa Utumishi amenikabidhi kalamu kwa kuwa, kwa maneno yake, mimi ndiye niliyemwona kwa karibu zaidi. Ni kweli. Mimi ni mtunza stoo. Kati ya meza yangu na benchi lake kuna hatua kumi na nne na dirisha lenye wavu, na kwa miaka kumi na tisa kila kipuri alichohitaji kilipitia mkononi mwangu. Mnaonifahamu kama Mama Stoo mnajua pia kwamba sina tabia ya kumpamba mtu. Nikisema spana ipo, ipo. Nikisema haipo, usinizungushe.

Alianza kazi kama muosha vipuri. Miaka miwili mikono yake haikushika spana, ilishika brashi na karai la mafuta ya taa. Baada ya hapo alipanda ngazi moja moja: fundi msaidizi, fundi daraja la pili, daraja la kwanza, hadi fundi mwandamizi. Amefundisha mafundi ishirini na sita, wake kwa waume, na kumi na mmoja kati yao leo wana karakana zao wenyewe. Hajawahi kukabidhi gari huku boliti moja imebaki mezani isiyojulikana ilikotoka. Ngazi iliyofuata, ya Msimamizi wa Karakana, hakuipanda. Nitaeleza kwa nini, maana hiyo ndiyo sababu hasa iliyonifanya nikubali kuandika.

Jina la Sikio alilipata kwa halali. Siku moja tukiwa kantini, kikombe cha chai kikiwa njiani kwenda mdomoni, aliinua kidole tunyamaze. Nje lilikuwa linapita gari la Mkuu wa Ugavi. Mzee Sikio alisikiliza hadi likatokomea barabarani, akanywa chai yake, akasema plagi ya tatu haichomi. Mkuu wa Ugavi alipoambiwa alisema gari lake ni zima kuliko wanaolisema. Siku mbili baadaye lililetwa likivutwa kwa kamba. Ilikuwa plagi ya tatu, na Mzee Sikio aliibadilisha bila kusema neno, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Mkewe ni muuguzi na ana ulimi mwepesi. Aliwahi kupita karakanani kumletea funguo alizosahau, akatusimulia kwamba sikio hilo hilo linalosikia plagi ng'ambo ya barabara halijawahi kusikia bomba la jikoni linalovuja mwaka wa tatu sasa. Sikio la kufa, alisema, halisikii dawa. Tulicheka sote isipokuwa mhusika. Alikuwa ameinamia injini na kweli hakusikia.

Injini hiyo ilikuwa ya Ajuza. Kwa wageni wa shirika, Ajuza ni lile gari la rangi ya maziwa linalolala chini ya turubai pembeni mwa karakana. Ndilo gari la kwanza kabisa la shirika, na hutolewa mara moja kwa mwaka, siku ya mkutano mkuu, kumchukua Mwenyekiti wa Bodi kutoka lango kuu hadi ukumbini. Tofauti yake na magari mengine ya rika lake ni kwamba ana kabureta mbili. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ikiwa moja, una mtu mmoja wa kuelewana naye. Zikiwa mbili, lazima zivute sawasawa, la sivyo moja inabeba mzigo na nyingine inapiga soga.

Ugonjwa wa Ajuza tangu ujana wake ni mmoja: akisimama hatulii. Mwendoni ni mtu mzima mwenye heshima zake. Akisimama tu injini inaanza kutetemeka, usukani unatikisika, vioo vinagongana na fremu zake, na asipobembelezwa anazima. Kila fundi mpya aliyekutana na mtetemeko huo alikimbilia bisibisi ili azungushe skrubu za kabureta. Mzee Sikio alimnyang'anya bisibisi kwa upole, akaitia mfukoni mwake. Kabureta, aliwafundisha, ni ya mwisho kushtakiwa. Kwanza fungua plagi uzisome rangi. Kisha platini zinazokata na kuunga umeme wa plagi, kisha waya, kisha nafasi za vali. Kisha paka mafuta kwa brashi kwenye viungo vinavyoshikilia kabureta, na mlio ukibadilika ujue kuna ufa na hewa ya wizi inaingia. Mara tisa kati ya kumi mkosaji alipatikana njiani, na kabureta haikuguswa.

Mara ile ya kumi ndipo ulipotoka mpira. Ni kipande cha mpira mwembamba cha urefu wa mkono, alichokikata mwenyewe na kukitunza kama miwani. Alilegeza kile chuma kinachounganisha kabureta mbili ili kila moja isimame kwa miguu yake, kisha akaweka ncha moja ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Akasikiliza namna inavyovuta pumzi. Akahamia ya pili. Akazungusha skrubu kidogo, robo ya robo, akarudi ya kwanza. Karakana nzima ilikuwa inanyamaza bila kuambiwa. Pumzi zilipolingana aliinua pistoni ya kila kabureta kwa ncha ya msumari: mlio ukipanda, petroli imezidi, ukishuka, imepungua, ukipanda kidogo kisha ukatulia, basi Ajuza kashiba. Mwisho aliweka glasi ya maji juu ya injini, na maji hayakumwagika.

Sasa nifike nilipokusudia kufika.

Miaka kumi na tisa iliyopita, wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, Mzee Sikio aliamua kumwekea Ajuza sindano mpya. Ndani ya kila kabureta ya aina ile kuna sindano moja ya shaba inayopanda na kushuka kwenye tundu la petroli na kupima ni kiasi gani kipite. Sindano hizo huenda kwa jozi. Aliandika hati, akaileta dirishani, nami nikampa pakiti moja iliyofungwa, sindano mbili ndani. Nilikuwa na miezi minne kazini. Nilikuwa nalea watoto wawili peke yangu, na katika miezi hiyo minne nilikuwa tayari nimepewa barua ya onyo, kwa kutoa waya wa klachi wa gari jingine. Msimamizi wa wakati ule aliniambia wazi kwamba ya pili itakuwa ya kwaheri.

Mzee Sikio aliziweka sindano, akasikiliza kwa mpira, akaweka glasi yake ya maji. Ajuza alitulia tuli. Wiki hiyo kila mtu alijua kwamba msimamizi anaondoka mwisho wa mwezi, na kwamba nafasi ile ilikuwa ya Mzee Sikio. Hata mafundi wa idara ya ujenzi walikuwa wameanza kumwita bosi, naye akiwakemea.

Siku ya mkutano tulipangwa pande mbili za barabara kutoka lango kuu. Mwenyekiti alikaa kiti cha nyuma, na Ajuza akaanza kutembea mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu, kama desturi ilivyo. Alipofika kwenye kona ya zahanati alikohoa mara mbili, akatoa moshi mweusi, akazima. Dereva akamwasha. Akazima. Mara ya tatu Mwenyekiti alifungua mlango mwenyewe, akarekebisha koti lake, akamalizia njia kwa miguu. Watu walicheka. Nasema walicheka, lakini haki ni kusema tulicheka, kwa sababu nami nilikuwemo. Mzee Sikio alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na kitambaa cha kufutia mikono, na kutoka pale alisikia kila kitu.

Alasiri ile ile yaliandikwa maneno matatu kwenye daftari la gari na kwenye jalada lake: uzembe wa fundi. Mwisho wa mwezi nafasi ya usimamizi alipewa mtu kutoka nje. Aliyekuja alikuwa mjuzi na mwenye roho nzuri, na Mzee Sikio alimpokea kwa mikono miwili. Wenzake walipomuuliza atakata rufaa lini, alijibu kwamba sikio halipiti kichwa, akachukua mpira wake akarudi benchini.

Siku ya tatu baada ya aibu ile alikuja dirishani kwangu na kioo cha kukuzia maandishi. Aliomba jozi nyingine ya sindano. Kisha alisimama pale mapumziko yote ya chai, chai yake ikipoa, akinifundisha. Alinionyesha kwamba kwenye shina la kila sindano kuna herufi zilizogongwa, ndogo kuliko punje ya mchanga, na kwamba sindano mbili zinaweza kulingana urefu na rangi na bado zisiwe ndugu. Usiamini macho, alisema, soma herufi. Aliniachia kioo kile. Nilimshukuru sana, na jioni nikawasimulia wanangu kwamba kazini kuna fundi mmoja muungwana anayefundisha watu bila kuombwa. Tangu siku ile sijatoa kipuri kibaya. Mwaka wa sita nilipewa cheti cha stoo bora, na kimetundikwa juu ya kichwa changu. Kioo kipo mezani, na mliowahi kusubiri dirishani mkinung'unika kwamba Mama Stoo anasoma hata nati, sasa mnajua nilikojifunza.

Jumanne iliyopita alikuja kurudisha vifaa. Kwa utaratibu wetu mstaafu huleta zana zake mwenyewe, na mtunza stoo huzisoma kwa sauti moja moja na kuzitia alama. Zilikuwa sitini na nne na hakuna iliyopungua, ingawa bisibisi mbili zilikuwa zimechakaa hadi mpini ukachukua umbo la kiganja chake. Mpira haumo kwenye orodha, ni mali yake. Nilipokuwa nimebakiza spana moja aliweka mezani kopo dogo la peremende za kifua.

Nilimwambia hilo halimo kwenye orodha yangu.

"Vya stoo hurudi stoo," akasema.

Ndani mlikuwa na sindano mbili za shaba zilizofungwa kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa hati ya kutolea vifaa ya miaka kumi na tisa iliyopita, na saini ilikuwa yangu. Nilichukua kioo nikasoma herufi. Hazikufanana.

Hapo nikakumbuka, na naliandika hapa kama lilivyokuwa. Siku chache kabla ya yeye kuja na hati ile, rafu ilinidondokea na pakiti mbili za sindano zikapasuka sakafuni. Nilizikusanya nikipiga magoti, nikazilinganisha kwa urefu, nikazirudisha mbili mbili, nikafunga pakiti kwa gundi. Sikumwambia mtu. Niliogopa ile barua ya pili. Gari lilipozima sikuunganisha jambo hili na lile, au pengine sikutaka kuunganisha. Baada ya miaka mingi kiasi hiki siwezi kuapa.

Alinieleza yaliyobaki kwa maneno machache, kama anavyoeleza gari lolote. Sindano ya kabureta ya mbele ilikuwa inapitisha petroli nyingi, ya nyuma kidogo. Gari likiwa limesimama, skrubu ziliweza kuficha tofauti, ndiyo maana glasi ya maji haikumwagika. Likianza kutembea taratibu tofauti ilitoka nje: silinda mbili za mbele zilizama kwenye petroli na mbili za nyuma zikafa njaa. Baada ya mkutano alifungua plagi akakuta mbili nyeusi kwa masizi na mbili nyeupe. Alipitia yote kwa zamu, waya, platini, vali, gasketi, kama anavyofundisha wengine. Sindano hakuzifikiria mapema kwa sababu zilikuwa mpya na zimetoka kwenye pakiti iliyofungwa, na kipya kinyemi hata kwa fundi. Usiku wa pili alizitoa, akazisoma kwa kioo, akajua. Akajua pia zilikotoka, kwa kuwa gundi ya kiwandani haina alama za vidole.

Kwa hiyo siku ya tatu, aliposimama dirishani akinifundisha kusoma herufi, nafasi yake ya usimamizi ilikuwa bado haijatolewa. Hati ilikuwa mfukoni mwake. Angeipeleka ofisini badala ya kuja kwangu, jalada lake lingekuwa safi siku ile ile na leo tungekuwa tunamuaga Msimamizi.

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anafuta kopo kwa kitambaa ingawa lilikuwa safi.

"Barua ya pili ingekutoa hapa, dada," akasema. "Mimi lawama ilinibakiza tu nilipokuwa."

Kisha akaniomba nitie alama spana ya mwisho, kwani alikuwa amemwahidi mkewe kununua bomba jipya la jikoni kabla duka halijafungwa. Nililia, na sioni haya kulisema. Yeye, ambaye hajui la kufanya na mtu anayelia, aligeuka akaanza kupanga makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangwa.

Wanangu wawili walisoma wakamaliza kwa kazi hii. Mmoja ana mtoto sasa. Kila nilichokijenga tangu siku ile nilikijenga juu ya kimya cha mtu mwingine, nami nilikuwa nampimia gasketi dirishani kama mteja yeyote, tena mara nyingine kwa ukali. Namwomba radhi hapa, mbele yenu wote, kwa kuwa aibu yake nayo aliipata mbele ya wote.

Alinikataza nisiandike haya. Alisema niandike habari za Ajuza, watu wanampenda. Basi nimeandika habari za Ajuza.

Jumatano asubuhi nilipeleka kopo na hati kwa Mkuu wa Utumishi, pamoja na maelezo ya mkono wangu. Alisoma mara mbili. Tulifungua jalada pamoja. Maneno yale matatu yamekatwa kwa mstari mmoja, na chini yake nimeandika: kosa la stoo. Nimetia saini na tarehe, naye ametia ya kwake, na daftari la gari limesahihishwa vivyo hivyo. Taratibu ni taratibu, kwa hiyo jana nilipokea barua yangu ya pili ya onyo. Ile ya kwanza ilishapitwa na wakati, na mtanikuta dirishani Jumatatu kama kawaida. Sijawahi kupokea barua kwa moyo mwepesi namna ile. Nimeikunja nikaitia kwenye kopo la peremende.

Kuhusu cheo na miaka iliyopotea, hakuna kalamu ya kusahihisha, na Mkuu wa Utumishi hakujaribu kunidanganya kwamba ipo.

Ijumaa, mara baada ya ovaroli kutundikwa, Ajuza atatoka karakanani na kupita barabara ile ile, kona ya zahanati hadi lango kuu, mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu. Kiti cha nyuma watakaa Mzee Sikio na mkewe. Dereva ni fundi aliyefundishwa naye, na kabureta zimepangwa na mafundi watatu aliowafundisha, kwa mpira waliokata wenyewe, bila yeye kugusa. Tunawaomba wafanyakazi wote mpangwe pande mbili. Kwenye kona ya zahanati gari litasimama dakika moja likiwa linaunguruma. Tafadhali msipige makofi wala vigelegele dakika hiyo. Nyamazeni, yeye asikie.

Mzee Sikio, kaka yangu, karakana yote inakushukuru kwa miaka thelathini na saba ya kazi iliyonyooka. Tunakutakia afya, usingizi usiokatishwa na mlio wa gari la jirani, na bomba la jikoni lisilovuja. Msumari wa tatu utabaki mtupu. Na yeyote atakayekuuliza kwa nini Ajuza alizima siku ile mbele ya Mwenyekiti, sasa una ruhusa ya kumjibu.